Usingizi Hafifu na Afya ya Fizi kwa Wafanyakazi

Ugonjwa wa fizi huanza pale ukoga, yaani utando laini wenye bakteria, unapoachwa juu ya meno hadi fizi zikavimba na kutoa damu wakati wa kupiga mswaki. Katika hatua hiyo fizi zikitunzwa hupona. Zikipuuzwa, ugonjwa huweza kushuka na kula mfupa unaoshikilia jino. Mfupa huo kwa kawaida haurudi, na jino hulegea hadi kung'oka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 1 duniani wana ugonjwa huo katika hatua kali.

Nafasi ya usingizi

Mtu mzima anashauriwa kulala angalau saa 7 kwa siku. Anayelala pungufu kwa muda mrefu hudhoofisha kinga ya mwili na kuongeza uvimbe wa ndani, hali inayoweza kuzipunguzia fizi uwezo wa kupambana na bakteria. Baadhi ya tafiti zimeonesha uhusiano kati ya mambo hayo mawili, lakini hazijathibitisha kuwa kukosa usingizi pekee husababisha ugonjwa. Ukoga unabaki kuwa chanzo kikuu, huku uvutaji wa sigara na kisukari kisichodhibitiwa vikiongeza hatari.

Mazingira ya kazi

Wakazi wengi wa Mbagala na Chamazi wilayani Temeke, au Bunju wilayani Kinondoni, wanaofanya kazi katikati ya Jiji la Dar es Salaam huondoka nyumbani kabla ya mapambazuko na kurejea usiku. Mchovu hulala bila kupiga mswaki. Mate, ambayo huosha kinywa, hupungua mtu anapolala, hivyo ukoga uliobaki hustawi.

Hatua za kuchukua

Wananchi wanashauriwa kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, mara moja ikiwa kabla ya kulala. Kwa walinzi, wauguzi, madereva na wafanyakazi wa viwandani wa zamu ya usiku, kanuni hiyo hufuata usingizi, si saa: anayelala asubuhi apige mswaki asubuhi hiyo kabla ya kulala.

Fizi zinapotoa damu, mswaki usiachwe. Damu ikiendelea, mgonjwa amwone daktari wa kinywa na meno katika kituo cha karibu, zikiwemo Hospitali za Rufaa za Mkoa za Temeke na Mwananyamala, bila kusubiri jino lilegee.