Somo, Ngoma na Jukwaa: Maisha ya Mwanamke Yanavyosimuliwa Rufiji

Nyamwage iko kusini mwa mto Rufiji, kwenye barabara kuu iendayo Lindi, pale inapochepuka njia ya Utete. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini alitegemea kivuko cha Ndundu, na masika yakikolea alingoja hata akachoka. Leo mgeni anaweza kuondoka Dar es Salaam alfajiri, akazungumza na wasichana wa shule kabla ya adhuhuri, na usiku akalala kwake. Pamoja na lami umekuja mkutano wa aina yake: mwanamke aliyefika mbali kikazi anakaribishwa, anapewa kipaza sauti, anasimulia alikotoka, anawaambia wasichana kwamba nao wataweza, kisha wote wanapiga picha ya pamoja.

Siibezi mikutano hii. Msichana ambaye hajapata kumwona mhandisi wa kike hupungukiwa na kitu ambacho kitabu hakimpi. Hoja yangu inahusu umbo la hadithi anayosikia: mtu mmoja, njia moja inayopanda, na mwisho ambao kila aliyekaa pale anaujua tangu mwanzo. Nadai kwamba umbo hilo linaacha nje mambo mawili ambayo msichana wa Rufiji anayahitaji kuliko mengine yote, yaani habari za wanawake waliombeba msimulizi, na habari za siku alizoanguka.

Mfano wa dai hili uko nyumbani. Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, lakini bungeni aliwakilisha Rufiji. Akitajwa jukwaani husemwa kuwa ni shujaa aliyepigania uhuru bega kwa bega na Mwalimu Nyerere. Maneno hayo ni ya kweli, ila binti wa miaka 15 akiyasikia hapati pa kushika. Hajui shujaa huyo alianzia wapi, wala alikuwa na nini mkononi siku alipoanza.

Alikuwa na ngoma. Bibi Titi alikuwa mwimbaji katika kikundi cha wanawake wa Dar es Salaam kilichoitwa Bomba. Shule alisoma miaka michache tu, na aliozwa akiwa bado binti wa miaka kama 14. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipotembelea Tanganyika na kuwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi, jibu lilitafutwa kwenye vikundi vya namna hiyo. Bibi Titi alikabidhiwa kitengo cha wanawake, naye akaenda kwa viongozi wa ngoma, mmoja baada ya mwingine. Kila kiongozi alikuja na watu wake, na ndani ya miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiunga na chama. Kipaji cha Bibi Titi hakina ubishi, na sauti yake ilijaza viwanja. Hata hivyo, sauti hiyo ilipata pa kutua kwa sababu wanawake wa mjini, wa makabila mbalimbali, walikwisha zoea kuchangishana, kuzikana, kuchezeana harusi na kuchagua viongozi wao. Chama kilikuta kazi hiyo imeshafanyika.

Haya tunayajua vizuri kwa sababu mwanahistoria wa Kimarekani, Susan Geiger, alianza mwaka 1984 kuwahoji wanawake waliokuwa TANU miaka ya 1950, na mwaka 1997 kikatoka kitabu chake juu yao. Geiger hakumhoji Bibi Titi peke yake. Aliwasikiliza pia wanawake wa Dar es Salaam, Moshi na Mwanza ambao majina yao hayakuwa yameingia kwenye historia ya chama. Alipoyaweka maisha yao pamoja, ilionekana wazi kwamba wanawake hao hawakufundishwa utaifa na wanaume wachache waliosoma. Walikuwa wakiuishi, na waliuingiza TANU pamoja nao. Matokeo hayo yametokana na namna ya kusikiliza. Angemhoji kiongozi peke yake, angerudi na hadithi ya kiongozi.

Lipo fungu la pili la maisha ya Bibi Titi, ambalo majukwaani halisikiki sana. Mwaka 1962 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, na aliingia serikalini akiwa waziri mdogo. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja, ambapo wagombea wawili wa TANU walishindana kwa alama za jembe na nyumba, alikipoteza kiti chake. Watu wa Rufiji ndio waliomnyima kura. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililowakataza viongozi kupangisha nyumba, alijiuzulu uongozi wake. Oktoba 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini pamoja na aliyekuwa waziri wa kazi, Michael Kamaliza, na maofisa wa jeshi. Akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akasamehewa. Aliishi kimya kwa miaka mingi mpaka jina lake lilipoanza kutajwa tena kwa heshima, hasa Tanganyika ilipotimiza miaka 30 ya uhuru mwaka 1991. Alifariki Novemba 2000, na leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake.

Wapo walimu watakaosema kwamba habari za kushindwa na kifungo huwavunja moyo wasichana. Naiheshimu hofu hiyo, kwa kuwa inatoka kwa watu wanaowapenda wanafunzi wao. Lakini tumwangalie msichana mwenyewe. Huyu huenda amefeli mtihani, au mafuriko yamechukua mpunga wa mama yake, au amekatishwa masomo kwa ujauzito. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warudi katika shule za kawaida, na kurudi huko kunataka moyo ambao hadithi ya kupanda tu haiwezi kuujenga. Msichana huyo anahitaji kumjua mtu aliyeanguka mbele ya watu wake mwenyewe, akakaa miaka na aibu isiyo yake, na bado akabaki mtu. Hadithi inayoruka miaka hiyo inamwambia, bila kukusudia, kwamba aliyeanguka ameshatoka kwenye orodha.

Tena ndoa ya mapema haijawa historia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na akiwa na 14 kwa idhini ya mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivifikisha vifungu hivyo Mahakama Kuu, akashinda mwaka 2016, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa ya serikali. Hadithi yake ni nzuri sana kusimuliwa shuleni, mradi isimuliwe na mawakili waliosimama mahakamani, na miaka mitatu ya kungoja rufaa, na ukweli kwamba hukumu ni jambo moja na kuifuta sheria kwenye kitabu ni jambo lingine.

Pwani hii ilikuwa na mpango wake wa kumkutanisha binti na mwanamke aliyemtangulia. Binti akivunja ungo alipewa somo, au kungwi. Tusiupambe mpango huo kuliko ulivyokuwa. Kuwekwa ndani kuliwatoa mabinti wengi shuleni, na Bibi Titi mwenyewe alipitia humo. Mafunzo mengine yalilenga kumtii mume kuliko kujijua. Hata hivyo somo alikuwa na sifa moja ambayo mgeni wa jukwaani hana: hakuondoka. Binti alijua nyumba yake, aliweza kumwendea usiku na neno zito, na aliyaona maisha ya somo mwenyewe yakipanda na kushuka. Nadhani hapa ndipo wanaoandaa mikutano wangepaswa kuanza, kwa kumtafutia kila binti mtu wa kumrudia.

Jambo lingine la kuangaliwa ni nani anauliza. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad kwa mapenzi makubwa, na bila yeye tungejua machache mno juu ya mwimbaji huyo aliyefariki mwaka 1950. Lakini ni wasifu ulioandikwa na mwanamume mwenye maadili ya kufundisha, na Siti anatokea humo kama kielelezo. Ulinganishe na kazi ya Sarah Mirza na Margaret Strobel, ambao waliyachapisha maisha ya wanawake watatu wa Mombasa kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili. Bi Kaje wa Mwenye Matano alitoka katika ukoo wa waungwana wenye watumwa, na Mishi wa Abdala alitoka katika kizazi cha watumwa. Mji ni mmoja, ngoma ni zile zile, lakini ukiwasoma pamoja unaona kwamba neno “sisi” halina maana moja midomoni mwao.

Rufiji bado haijakusanyiwa kitabu kama hicho, na wakati unakimbia. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni hadi vijiji vya nchi ya juu, katika Operesheni Rufiji. Msichana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1969 sasa amepita miaka 70. Anakumbuka nani alibeba nini, shamba lipi liliachwa, na jinsi wanawake walivyoendelea kushuka bondeni kulima mpunga na mazao ya mlau yanayopandwa maji yakipungua. Watu kama yeye hawaiti maisha yao kazi, na hawatajitokeza wakiitwa na kipaza sauti. Husema wakati wa kusuka ukili barazani, mikono ikifanya kazi na wenzao wakiwasahihisha. Na msimu wa kuamia ndege hawapo kijijini kabisa. Wamehamia kwenye madungu, wakiulinda mpunga dhidi ya ndege, nyani na nguruwe, na anayetaka kuwasikia itambidi ashuke bondeni, apande dungu, akae nao mpaka jioni.