Mikaratusi ya Pointe-Noire: mbegu ilishindwa, chipukizi likaweza

Wandugu, huku Buluo, kando ya Likasi, makala bado ndiyo moto wa nyumba nyingi, na miti ya makala hayo inatoka kwenye miombo. Anayetaka kupanda mti wa haraka mara nyingi anaokota mbegu chini ya mkaratusi mrefu kuliko yote. Inaonekana ni akili. Ya jirani zetu wa Congo-Brazzaville yanasema vingine.

Kule Pointe-Noire, kwenye savana ya mchanga, wataalamu wa misitu Wafaransa walijaribu aina nyingi za mikaratusi. Katika miaka ya 1960 waliona machotara yaliyojizalia yenyewe, yanakua kuliko wazazi wao. Lakini ukipanda mbegu za chotara, watoto wanatawanyika: mmoja mrefu, mwingine mfupi, wa tatu amepinda.

Basi wakataka kuotesha tawi. Shida iko hapa: tawi la juu la mti mkubwa halikubali kutoa mizizi. Jibu lilikuwa kwenye kisiki (mimi hapo ndipo ninapopapenda). Kata mti, kisiki kinachipua, na machipukizi hayo ni kama ya mti mchanga. Yakate, yaweke kwenye unyevu, yanatoa mizizi. Kila mche ni nakala ya mti uleule, yaani kloni. Mwaka 1978 mashamba makubwa ya kloni yakaanza. Brazil nayo ikashika njia hiyo, na mwaka 1984 watafiti wa kampuni ya Aracruz wakapata Tuzo ya Marcus Wallenberg. Chuoni mimi nilisikia ya Brazil tu. Pointe-Noire, kimya!

Mwaka 1997 Kenya ilianza mradi wa kloni za kampuni ya Mondi ya Afrika Kusini, zikaoteshwa Karura, Nairobi. Kati yake kulikuwa na zile za GC: grandis analeta mbio, camaldulensis uvumilivu wa ukame. Kwetu Katanga, karibu nusu mwaka bila mvua, hiyo C ndiyo ya kuangalia.

Kisha mwaka 2002 nyigu mdogo, Leptocybe invasa, akaonekana Kenya na Uganda, anatia vivimbe kwenye majani machanga. Kloni zingine ziliumia sana, zingine kidogo. Shamba la kloni moja, akiuweza mti mmoja ameiweza yote. Kwa hiyo nikipata hekta moja hapa Buluo, nitapanda kloni nne au tano mstari kwa mstari, na kila mwisho wa kiangazi nitapita na futi yangu kupima unene wa shina.