Shaba ya Kambove Ndani ya Ganda la Risasi

Ganda la risasi ya bunduki ya kivita, lile la njano linalobaki chini baada ya mlio, kwa kawaida hutengenezwa kwa sehemu 70 za shaba na 30 za zinki. Shaba iko Kambove, zinki iko Kipushi. Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, imejaliwa madini yote mawili, lakini majeshi yaliyopigana katika nchi hii kwa kawaida yalingoja risasi zao kutoka mbali. Mashabiki wa bunduki hubishana mpaka usiku kuhusu kipenyo kipi ni bora, 5.56 au 7.62, ya zamani au ya sasa. Tukifuata historia ya Katanga, swali lenye uzito ni jingine: risasi hiyo ilipitia njia gani, na ilipokwisha nani aliweza kuleta nyingine?

Tuanze na Bunkeya, si mbali na Kambove upande wa kaskazini-mashariki. Huko Msiri, aliyetoka Unyamwezi katikati ya karne ya 19, alijenga dola ya Wayeke kwa pembe za ndovu, watumwa na shaba. Alibadilishana mali hizo na magobori na baruti, kupitia njia ya pwani ya mashariki na ile ya Benguela upande wa magharibi. Gobori halichagui sana kipenyo. Mdomo wake hupokea chochote kinachopita, na mafundi wa Msiri walitengeneza risasi za shaba pale risasi za kawaida zilipokosekana. Kwa hiyo tonge la risasi lilikuwa la hapa hapa, lakini baruti ilikuwa ya mgeni, na udhaifu wa dola nzima ulikuwa hapo. Desemba 1891 msafara wa Kapteni William Stairs, uliotoka pwani na mamia ya Wazanzibari, ulifika Bunkeya. Tarehe 20 Msiri aliuawa na Kapteni Omer Bodson, naye Bodson akafa siku hiyo hiyo.

Bunduki za dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambayo Stairs aliitumikia, zilikuwa za namna nyingine: Albini ya Ubelgiji, kipenyo cha milimita 11, risasi moja kwa kila kujaza. Risasi za enzi hiyo zilikuwa nzito mno. Tonge la risasi la Mauser ya 1871, ndugu wa karibu wa Albini kwa kipenyo, lilikuwa na gramu 25, na risasi nzima na ganda lake ilizidi gramu 40. Pagazi mwenye mzigo wa kilo 30 hakufikisha risasi 800. Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua vita vingi vya bara letu, kuliko ushujaa wa mtu yeyote.

Mambo yalibadilika katika maabara ya Ufaransa, si uwanjani. Mwaka 1884 Paul Vieille aligundua baruti isiyotoa moshi, yenye nguvu kubwa kuliko ile nyeusi. Vipenyo vikashuka kutoka 11 hadi 8, kisha 7.65 ya Mauser ya Ubelgiji ya 1889, bunduki ambayo kiwanda cha FN cha Herstal kilianzishwa ili kuitengeneza. Tonge jembamba lilikwenda kasi zaidi na mbali zaidi, na askari alibeba nyingi zaidi. Gharama ya kubaki nyuma ilionekana wazi mwaka 1914 upande wa Wajerumani wa Afrika Mashariki: askari wengi wa kamanda wao, Lettow-Vorbeck, walikuwa bado na Mauser ya 1871, na wingu la moshi liliwaonyesha mahali walipojificha kila walipofyatua. Baada ya vita vya Tanga, Novemba mwaka huo, waliokota risasi 600,000 za Waingereza, na kwa hazina hiyo wakaendelea. Wakati huo reli ilikuwa imeshafika Kambove, mwaka 1913, na shaba ya kampuni ya Union Minière ilikuwa njiani kwenda viwanda vya vita vya Uingereza.

Kisha ikaja bunduki inayojijazia risasi yenyewe. Wamarekani walitangulia na Garand ya 1936. Wabelgiji wakafuata na FN-49 ya Dieudonné Saive, ambayo Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, pia ilipata. Zote mbili zilitumia .30-06, risasi ndefu ya gramu 26 hivi. Hapo ndipo mzozo wa vipenyo ulipopata ukali wake wa leo. Mwenye bunduki ya kuvuta kwa mkono hufyatua polepole, na akiba yake hudumu. Mwenye bunduki ya kujijazia huimaliza mara mbili, tatu upesi zaidi. Jeshi likiwapa askari wote bunduki ya namna hiyo bila kupunguza uzito wa risasi, linawapa njaa. NATO ilijibu mwaka 1954 kwa 7.62x51, fupi kidogo kuliko .30-06 lakini yenye nguvu karibu sawa: tonge la gramu 9.5, kasi ya mita 840 hivi kwa sekunde. Bunduki yake mashuhuri ilikuwa FAL, kazi ya Herstal tena, magazini ya risasi 20.

FAL hiyo ndiyo iliyofika Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, jirani wa Kambove. Septemba 1961, Katanga ikiwa imejitenga na Kongo, Kompania A ya Kikosi cha 35 cha Ireland katika jeshi la Umoja wa Mataifa, watu wapatao 155 chini ya Kamanda Pat Quinlan, ilizingirwa humo na askari wa Katanga waliokadiriwa kufika maelfu. Mapigano yalianza tarehe 13. Tuangalie masanduku yao. FAL zilikula 7.62x51. Bunduki za mashine za Vickers na Bren zilikula .303, risasi ya Kiingereza yenye ukingo kitakoni. Bunduki fupi za Gustaf zilikula 9 mm. Kompania moja, mahandaki yale yale, aina tatu za risasi ambazo haziazimani hata moja. Mwenye FAL akiishiwa hawezi kuchomoa risasi kwenye mkanda wa Vickers wa jirani yake: ganda ni refu kupita chemba, na ukingo wake hauingii. Mwaka mmoja kabla, Ireland ilipopoteza watu 9 huko Niemba, wanajeshi wake walibeba Lee-Enfield za .303 pamoja na Bren za risasi hiyo hiyo. FAL ilikuwa silaha bora bila shaka, lakini ilikatiza undugu huo wa risasi.

Misafara ya kuwaokoa ilizuiwa kwenye daraja la Lufira. Ndege ya Fouga Magister ya Katanga iliwapiga kutoka juu, na maji yaliyoletwa kwa helikopta hayakunyweka. Tarehe 17 walijisalimisha, risasi na maji vikiwa vimekwisha, bila hata Mwairishi mmoja kufa. Kwa miaka mingi nchini kwao walitazamwa kama watu walioinua mikono haraka. Mimi naiona ile kama hukumu isiyo ya haki, na mtu yeyote anayehesabu risasi ataona hivyo. Jeshi la Umoja wa Mataifa lenyewe lilikuwa mchanganyiko: Wahindi na .303 yao, Waswidi na 6.5 yao, kila taifa na ghala lake. Jadotville ilichukuliwa Januari 1963, na kujitenga kwa Katanga kukaisha mwezi huo huo.

Mei 1978 huko Kolwezi, mji mwingine wa Katanga, askari wa Ufaransa waliruka kwa miavuli wakiwa na MAS 49/56, bunduki ya kujijazia ya 7.5, risasi ambayo majeshi machache tu mengine yaliitumia. Waliokabiliana nao, mabaki ya jandarme, askari wa ile Katanga iliyojitenga, waliotoka Angola, walikuwa wameshahamia silaha za Kisovieti.

Risasi ya Kisovieti, 7.62x39, ina namba ya kipenyo sawa na ya FAL, na hapo wengi hupotea. Ganda lake ni fupi kwa milimita 12, risasi nzima ni gramu 16 au 17 badala ya 24, na tonge hutoka kwa mita 715 hivi kwa sekunde. Ikishapita mita 300 huanza kuporomoka. Ile 5.56 ya Marekani ni nyepesi zaidi, gramu 12 tu, na tonge lake dogo la gramu 3.6 hukaribia mita 1,000 kwa sekunde. Katika kilo moja unapata takriban risasi 41 za FAL, 60 za Kalashnikov, 83 za 5.56.

Katika miombo ya Kambove, ambako macho mara nyingi hayafiki mita 200, nguvu ya FAL hupotea bure. Askari hapa anahitaji risasi ya masafa mafupi, anayoweza kuibeba kwa wingi. Risasi nzito ya NATO inafaa zaidi mahali pa wazi. Hata hivyo 7.62x39 haikushinda Katanga kwa ubora huo peke yake. Ilishinda kwa kuwa viwanda vya nchi nyingi huitoa, mara nyingi kwa ganda la chuma badala ya shaba, na kwa kuwa kila upande unayo. Waasi wa AFDL walipoingia Lubumbashi Aprili 1997 walikuwa na Kalashnikov; jeshi la taifa linazo, na wanamgambo wa Mai-Mai pia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti mara nyingi kwamba makundi ya mashariki mwa Kongo hujipatia risasi kutoka maghala ya serikali, kwa kuziteka au kuzinunua kwa askari wenyewe. Adui anayetumia kipenyo chako hahitaji reli, pagazi wala helikopta.