Washington: Mji wa Bunge, Wakazi Wasio na Mbunge Kamili

Juni 1783, askari waliokuwa wakidai mishahara yao walilizingira jengo la Bunge la Marekani mjini Philadelphia. Wabunge wakaiomba serikali ya Pennsylvania iwaite wanamgambo kuwalinda, ikagoma. Wakafunga virago, wakakimbilia Princeton. Aibu ile haikusahaulika. Katiba ya 1787 ikatamka kwamba serikali ipate eneo lake yenyewe, lisilo chini ya jimbo lolote, litawaliwe na Bunge.

Ardhi ikamegwa Maryland na Virginia. Sheria ya 1801 ilipoliweka eneo hilo rasmi mikononi mwa Bunge, wenyeji wakajikuta hawana tena jimbo, na Mmarekani asiye na jimbo hana seneta. Kuanzia 1874 hata uongozi wa mji wenyewe hawakuuchagua kwa miaka mia moja. Rais ndiye aliyewateulia. Kura ya urais waliipiga mara ya kwanza 1964.

Kufikia hapo wakazi wengi walikuwa Weusi, na hapo ndipo hoja ya ulinzi inapoanza kunuka. Kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyosimamia mji iliongozwa kwa miaka mingi na John McMillan wa South Carolina, mtetezi wa ubaguzi, aliyezima mara kwa mara miswada ya kuwapa wakazi madaraka. Mwaka 1972 akabwagwa kwenye kura za mchujo, wapiga kura Weusi wa kwao wakichangia anguko lake. Mwaka uliofuata sheria ya kujichagulia meya na madiwani ikapita. Sidhani ilikuwa bahati tu.

Bungeni wana mjumbe mmoja: anachangia hoja, anapiga kura kwenye kamati, lakini muswada unapofikia kura ya mwisho hana sauti. Kodi hata hivyo wanalipa kama wengine, ndiyo maana tangu 2000 vibao vya namba za magari yao vinalalamikia kutozwa kodi bila uwakilishi.

Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi karibu 690,000. Wyoming, yenye watu wasiofika 580,000, ina maseneta wawili. Siku hizi kikwazo si askari wenye njaa, ni hesabu za vyama: mji huu haujawahi kumpa kura zake mgombea urais wa Republican, na chama hicho hakitaki kuwazawadia wapinzani viti viwili vya Seneti. Aprili 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuufanya jimbo kwa kura 216 dhidi ya 208. Seneti haikuupigia kura.