Salamu kwa Mgonjwa wa Mbali

Mgonjwa amelazwa Unguja. Mwanawe yuko Muscat, mjukuu yuko Toronto, na kila mmoja anajirekodi kwa simu kisha anatuma. Wengi huiona video hiyo kuwa ziara iliyopungua: mtu alipaswa kuwapo kando ya kitanda, hakuweza, basi akatuma sura. Kwa maoni yangu, hapo tunaipima kwa kipimo kisicho chake. Ukifuatilia jinsi watu wa pwani walivyowajulia hali wagonjwa wa mbali, utaona kuwa video ya kurekodiwa imezaliwa na barua, haikuzaliwa na ziara, na lawama nyingi tunazoitupia zinatokana na kuisahau nasaba hiyo.

Barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zikiwemo alizozichapisha C. G. Büttner huko Ujerumani mwaka 1892, zina mpangilio unaojulikana: sifa na heshima za anayeandikiwa, salamu, ndipo habari yenyewe, na mwishoni msururu wa wanaosalimu na wanaosalimiwa. Baadaye watoto wa shule nao wakawa na mtindo wao, ule wa “mimi sijambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu”, ambao siku hizi watu huucheka. Wanaucheka bure. Aliyepata habari kwamba mama yake yu mahututi hana maneno tayari. Mtindo ulimpa pa kuanzia na pa kumalizia, akaweza kusema jambo zito bila kuvunjika. Tena barua haikuwa siri ya watu wawili. Asiyejua kusoma alisomewa, na msomaji mwenye busara alijua wapi apunguze mwendo na wapi aruke. Hata mshairi Mwana Kupona wa Pate, aliyetunga utenzi wake maarufu mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, ambaye angeweza kusema naye ana kwa ana. Hata hivyo alitaka maneno yaliyopangwa, ya kubaki na kurudiwa. Maneno ya aina hiyo hayakuwa ya kuziba pengo la kutokuonana tu. Yalikuwa na kazi yake yenyewe.

Redio iliipanua barua bila kuibadilisha sana. Kadi za salamu zilizojazwa majina na kupelekwa Radio Tanzania zilifuata mpangilio uleule wa kutaja watu mmoja mmoja, na salamu kwa wagonjwa waliolazwa zilisikika wodi nzima, hata kwa wasiohusika. Kilichobadili mambo zaidi ni kaseti, iliyotolewa na Philips mwaka 1963. Mwaka uliofuata Mapinduzi ya Zanzibar yalizitawanya familia, na baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 wengi wa waliokimbia walihamia Oman. Kaseti ya dakika 60, thelathini kila upande, iliweza kusafiri ndani ya mkoba wa abiria ikiwa na sauti za nyumba nzima: mkubwa anaanza, wadogo wanapokezana, kuku wanasikika uani. Kwenye ukingo wa kaseti palikuwa na vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, sauti haifutiki. Ukivibakiza, anayepokea anaweza kurekodi majibu juu ya maneno yako na kuirudisha kaseti ileile. Kwa mwanahistoria huo ni msiba, maana kaseti moja ilipotumika hivyo mara kadhaa, yaliyosalia ni ya mwisho tu. Karatasi za Büttner tunazo, lakini sauti za miaka ya sabini nyingi zimefunikwa na sauti nyingine, au na taarabu.

Mkanda wa video nao ulikuja, ila ulipata umaarufu kwa harusi. Mpiga picha ni wa kukodi, taa zake zinachoma macho, na hakuna aliyetaka kumwingiza mgeni huyo chumbani kwa mgonjwa. Simu ndiyo iliyomwondoa. Nyaya za baharini zilipofika pwani yetu kuanzia mwaka 2009 na gharama ya intaneti ikashuka, kila mtu akawa mpiga picha wa nyumba yake.

Kuna wanaouliza: kwa nini kurekodi, ilhali mtu anaweza kupiga simu ya video wakaonana papo hapo? Lakini simu ya papo hapo humdai mgonjwa awe macho, ajikaze, ajibu, na pengine ajifanye ana nafuu. Saa za Toronto na za Unguja zinapishana kwa saa saba au nane. Mjukuu anapotoka kazini, bibi amelala. Ujumbe uliorekodiwa humsubiri, na haudai jibu. Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema video imewapa watu kisingizio cha kutokwenda. Hilo lina ukweli. Anayekaa mtaa wa pili akatuma klipu amekosa adabu, kama ambavyo angekosa adabu kwa kutuma barua. Hata hivyo, salamu za mbali hazikuzoea kusafiri mikono mitupu: zamani zilifuatana na hundi ya posta au bahasha aliyopewa msafiri, na tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mchango wa dawa hufika siku hiyohiyo.

Linabaki suala la sitara. Video inamwonyesha mtumaji akilia, na ikiingia katika kundi la familia hakuna ajuaye itaishia wapi. Hapa nadhani barua inatufundisha jambo tulilolitupa mapema mno. Mtu anaweza kurekodi mara ya pili na ya tatu mpaka sauti itulie, kama mwandishi alivyochana karatasi na kuanza upya. Huko si kuigiza, ni kumhurumia anayesikiliza. Na yule msomaji wa barua hajatoweka. Leo ni muuguzaji anayeshika simu kando ya kitanda, anayetazama video kwanza peke yake, akaamua hii aiwashe sasa, hii baada ya uji, na ile ya shangazi anayemlaumu daktari aiache kabisa.