Hasara ya Kuvunja Soko la Pamoja: Somo la 1977

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kenya, Tanzania na Uganda, iliyoundwa kwa Mkataba wa Kampala wa 1967, ilidumu miaka kumi tu. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na kisa hicho hadi leo husimuliwa zaidi kama ugomvi wa ujamaa na ubepari, au wa Nyerere wa Tanzania na Idi Amin wa Uganda. Kiuchumi, hasara kubwa haikuletwa na ushuru wa forodha. Ilitokana na kupasuliwa kwa mali iliyojengwa itumike kwa pamoja. Shirika moja la ndege lilikufa, na kila nchi ikaanza upya na lake. Reli ilikatwa vipande, karakana kuu ikabaki Nairobi. Mtalii aliyezoea kutoka Nairobi kwa gari hadi Serengeti na Ngorongoro akakuta njia imefungwa. Kenya nayo ilipoteza soko la Tanzania pamoja na barabara ya kupelekea bidhaa Zambia.

Wapo wanaosema Tanzania ilikuwa na haki ya kulalamika. Ilikuwa nayo. Viwanda vilijazana Kenya, na mkataba wenyewe ulilikiri hilo: uliruhusu nchi iliyozidiwa kibiashara itoze kodi maalumu bidhaa za jirani, na katika Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki Kenya ilitengewa asilimia 22.5 tu ya uwekezaji, Tanzania na Uganda 38.75 kila moja. Dawa hizo zilikuwa hafifu, lakini zilikuwepo. Mpaka ulipofungwa, viwanda vya Nairobi havikuhamia Arusha. Kilichotoweka ni meza ya kudaia haki hiyo.

Wengine watataja vita vya Kagera dhidi ya Uganda na bei ya mafuta ya 1979, kwamba ndivyo vilivyoiangusha Tanzania. Ni kweli, na si haki kuutwika mpaka lawama yote. Lakini ni katika miaka hiyo hiyo ya dhiki ndipo fedha za kigeni za watalii na reli nzima zilipohitajika kuliko wakati wowote. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, na makubaliano ya kugawana mali na madeni yakatiwa saini Arusha Mei 1984. Waandishi wa mkataba mpya wa 1999, ulioifufua Jumuiya, walijifunza: nchi haiwezi kujitoa bila kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wake wote na kutoa notisi ya miezi 12, na bado itawajibika kwa madeni yake.