Kutoka Kinyume Hadi Nywila

WASWAHILI walijua kuficha maneno kabla ya simu kuja. Walikuwa na kinyume: silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa mbele. Pesa ikawa sape, kesho ikawa shoke, Wiyoni ikawa niwiyo. Mmishenari Edward Steere alikieleza kinyume cha Unguja katika mwongozo wake wa Kiswahili, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1870.

Mgeni alipoweza kukieleza kitabuni, udhaifu wake ulidhihirika. Siri ya kinyume ilikuwa kanuni yenyewe. Ukishaijua, umeyajua yote. Mwaka 1883, Auguste Kerckhoffs aliandika katika jarida la kijeshi la Ufaransa kwamba mfumo wa siri sharti ubaki salama hata adui akiujua. Kinachofichwa ni ufunguo.

Leo ufunguo huo ni nywila, au neno la siri. Mtaani Wiyoni, kisiwani Lamu, niliwauliza wanafunzi wa sekondari huziundaje nywila zao. Wengi walitaja jina na mwaka wa kuzaliwa. Mmoja akajigamba, "Mimi nalipindua jina, mwalimu." Mwenzake akaangua kicheko: "Hiyo hata babu aijua!" Kumbe kinyume hakijafa, kimehamia kwenye simu.

Si jambo la kucheka tu. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, karo na pesa za matumizi hupitia simuni. Akaunti ya mwanafunzi ikitekwa, tapeli huwaandikia shangazi na wajomba kwa jina lake akiomba msaada, nao kwa huruma hutuma. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 yaweza kumfunga tapeli, ila pesa zilizokwisha kuliwa ni vigumu kuzirejesha.

Basi tuwafundishe vijana kuchagua maneno manne yasiyohusiana, kama vile mwiko, mvua, kanzu, daraja. (Haya msiyatumie, yamekwisha kuchapishwa gazetini!) Kila akaunti iwe na nywila yake na uthibitisho wa hatua mbili. Nambari inayotumwa kwa ujumbe mfupi asitajiwe mtu, hata ajiite mhudumu wa kampuni. Mwalimu wa Kiswahili naye ana kazi hapa, kwani anayetofautisha kanuni na ufunguo haibiwi kirahisi.